Mwashi Aliyekataa Kufutika

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Sijatia chumvi wala sijampaka mtu matope. Atakayenionyesha uongo mmoja humu ndani, aninyoe masharubu yangu hadharani, nami nitamshikia kioo. Masharubu haya nimeyafuga miaka thelathini na minane, tangu nilipoajiriwa masijala, na sijawahi kuyaweka rehani kwa jambo dogo.

Basi, Idara ya Elimu ilitoa Waraka. Ulisomwa mstarini asubuhi, ukabandikwa mlangoni, ukabandikwa na dirishani kwa ajili ya wasiopita mlangoni. Ulitangaza kwamba kuanzia siku hiyo wanafunzi watasaidiwa.

Walikuwa hawajaomba msaada. Lakini hapo ndipo Idara inapotofautiana na jirani mwema: jirani husubiri aombwe.

Chanzo cha yote kilikuwa mwalimu wa historia. Mama huyu aliwapa Kidato cha Tatu kazi: kila mmoja achague kitu kimoja cha mtaani, atafute ushahidi, kisha akiandikie ukurasa kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kubonyeza "hariri" akaongeza lake. Kazi ilibeba nusu ya alama za muhula. Sheria ilikuwa moja: unachodai, onyesha umekitoa wapi.

Mkurugenzi wa Idara aliposikia maneno "mtu yeyote", aliweka kikombe chini.

"Yeyote? Bila mhuri?"

"Bila mhuri, Mheshimiwa," akajibu aliyemletea habari.

"Na watu wanayasoma hayo?"

Ndipo ikaundwa Kamati ya Kuwasaidia Wanafunzi Kuhariri, Mwenyekiti akiwa yeye mwenyewe. Mimi nilitolewa kwenye ustaafu nikapewa cheo cha Mshauri Mwandamizi wa Ukweli, na kiti ambacho nailoni yake haijabanduliwa.

Tulifanya kazi, msituone hivi. Mwanafunzi aliyetaka kuongeza sentensi alijaza fomu nakala tatu, sahihi saba. Koma ilihitaji nakala mbili. Nukta ilihitaji kikao kamili, kwa sababu nukta inafunga mjadala, na mwenye mamlaka ya kufunga mjadala ni Kamati. Katika wiki mbili, darasa la wanafunzi arobaini lilifanikiwa kuchapisha maneno mawili: "Soko hili". Makosa yalipungua kwa kiwango cha kuridhisha.

Ila binti mmoja alitutangulia. Wenzake walimbandika jina la Chanzo, kwa kuwa hata ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza umeitoa wapi. Siku Waraka unatoka, ukurasa wake ulikuwa umeshapanda. Aliandika habari za daraja la mawe la waenda kwa miguu nyuma ya shule. Alisema lilijengwa na babu yake, fundi mwashi, marehemu sasa, pamoja na akina mama waliosomba mawe kichwani. Tukamwita mbele ya Kamati.

"Shikamooni."

"Marahaba. Una ushahidi gani, mjukuu wangu?"

Akatoa kipande cha gazeti kilichokuwa kwenye sanduku la bibi yake. Kilikuwa na picha: mwashi kashika mwiko, nyuma yake daraja, chini yake jina na tarehe.

"Hili gazeti halina mhuri," nikamwambia.

"Babu, magazeti hayapigwi mhuri."

"Ndiyo maana hatukulisoma."

"Bibi anataka aone jina la babu limeandikwa mahali kabla macho hayajamwishia," akasema. "Na mwalimu anasahihisha Ijumaa ya wiki ijayo. Ukurasa usipokuwepo, napata sifuri."

Tuliliandika hilo kwenye muhtasari, chini ya "Mengineyo".

Tatizo lilikuwa dogo. Daraja hilo lilishajengwa na Mkurugenzi. Ilikuwa kwenye wasifu wake, kwenye kalenda ya Idara, na kwenye kila hotuba yake baada ya salamu. Kweli, kwa tarehe ya gazeti lile, Mkurugenzi alikuwa darasa la kwanza. Lakini kuna viongozi wanaoanza mapema.

"Huyo mwashi aondoke," akasema, akikipangusa kisanduku cha mihuri. "Kimyakimya."

Kazi hiyo alipewa karani mmoja mzoefu, ambaye kwa kulinda heshima ya nyumba yake sitamtaja. Masijala ina elimu yake. Jalada likiwa na karatasi inayomkera mkubwa, karani hulegeza uzi, huichomoa, hubadilisha namba za kurasa, hukaza uzi. Ikishatoka hiyo, haikuwahi kuwepo. Karani akambonyeza mwashi, mwashi akatoweka, karani akamweka Mkurugenzi mahali pake. Akamhakikishia mkubwa kwamba hata mkaguzi wa mbinguni hataona tundu.

Asubuhi, kabla ya kengele, mwashi alikuwa amerudi.

Karani akamfuta. Akarudi. Jumapili mwashi alifutwa mara mbili, akarudi mara mbili. Mpaka Alhamisi ya wiki ya pili alikuwa amefutwa mara kumi na moja, na kila akirudi, gazeti lake limo mkononi.

Mkurugenzi akachoka. Akaitisha mkutano ukumbini, wanafunzi wote, walimu wote, bibi wa Chanzo mstari wa mbele na miwani yake ya kamba, na Mkaguzi Mkuu kutoka makao makuu kama mgeni rasmi. Ukurasa ukamulikwa ukutani, mkubwa kama shuka.

"Kuna mtu," akasema Mkurugenzi, akimtazama Chanzo bila kupepesa, "anauvuruga ukurasa huu. Leo hii natia sahihi Waraka mbele ya mgeni wetu. Mvurugaji, awe nani awe nani, anasimamishwa kazi zote za Kamati, asiguse ukurasa tena, ataomba radhi mstarini, na jina lake litabandikwa kwenye ubao wa matangazo hadi atakaposafishwa kwa fomu."

Akatia sahihi. Mkaguzi Mkuu akatia sahihi. Wino ukapulizwa.

"Sasa mvurugaji ajitaje."

Chanzo akanyoosha mkono. Ukumbi ukavuta pumzi.

"Mheshimiwa, mimi namrudisha tu. Anayemfuta tunaweza kumwona. Nibonyeze?"

"Bonyeza," akasema Mkurugenzi, kwa utulivu wa mtu aliyehakikishiwa habari ya uzi.

Juu ya ukurasa kulikuwa na neno "Historia". Chanzo akalibonyeza. Ensaiklopidia, kumbe, haina uzi. Kila kilichochomolewa kimo, na saa yake, na aliyekichomoa. Orodha ikashuka ukutani: Ofisi ya Mkurugenzi, Ofisi ya Mkurugenzi, mara kumi na moja. Na pale panapoulizwa sababu ya badiliko, karani, kwa uaminifu wa kazi, hakuacha hata mara moja kujaza: "Kwa maagizo ya mdomo ya Mkurugenzi. Naomba kuwasilisha."

Msimlaumu. Karani asiyeandika ametumwa na nani, siku ya ukaguzi analala ndani.

"Zima," akasema Mkurugenzi. "Futeni hiyo orodha."

"Kufuta nako kutaandikwa, Mheshimiwa," akasema Chanzo.

Bibi yake akasogeza miwani. "Mla kunde husahau," akasema, kama anayeongea na mkoba wake, "mtupa maganda hasahau."

Mkaguzi Mkuu akautazama Waraka, akaitazama sahihi yake mwenyewe. "Waraka ni Waraka," akasema.

Chanzo alipata alama zake zote. Mkurugenzi aliomba radhi mstarini, akisoma. Jina lake limo ubaoni, nyuma ya kioo. Ameomba liondolewe, akapewa fomu, nakala tatu. Ina sahihi sita. Ya saba ni ya Mwenyekiti wa Kamati, na Mwenyekiti amesimamishwa.

Hapo ndipo nilipokuwa nimemalizia. Jana Chanzo alipopita nyumbani kwangu, nikampa asome. Akasoma kidole kikifuata mstari, akafika kwa karani, akasita.

"Babu, huyu karani ni nani?"

"Mtu mmoja hivi. Sura yake siikumbuki."

"Umemtoa wapi?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

"Na watu."

Akaenda jikoni. Akarudi na kikaratasi kilichokuwa mlangoni mwa kabati, kwa mwandiko wangu: "Sukari kilo moja. Sabuni mche mmoja. Kiberiti. Kwa maagizo ya mdomo ya mama watoto. Naomba kuwasilisha."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Bibi wa Chanzo akaitwa, akaja na mkasi wake wa kukatia vitambaa, na nusu ya Kidato cha Tatu nyuma yake. Kiti kikawekwa barazani, kile kile cha Kamati chenye nailoni, nilichokuja nacho nyumbani. Kioo nilikishika mwenyewe, kama nilivyoahidi.

Mdomo wangu wa juu una baridi, na mke wangu anasema hakujua kama ninao.

Naomba kuwasilisha.