Friji la Mbio za Sangara

Masele alikuwa na shati lililopigwa pasi na moyo usioguswa hata na brashi. Jumamosi hiyo alisimama kwenye ukumbi wa michezo pale Nyegezi, akitazama watu wazima wakiviringisha vimipira kwenye mashimo. Kila mpira uliotumbukia ulimsogeza sangara wa bati ukutani. Sangara wako akitangulia, unapewa tiketi. Tiketi kumi, pipi. Tiketi elfu mbili, friji jipya.

Masele alilitaka friji. Mnunuzi alikuwa tayari, na basi la kumtorosha Bukoba na pesa zake alijua lilipo. Wiki tatu ameviringisha kama mtu aliyelaaniwa, akapata mia nane tu.

Ndipo akawaona wanawake wa Kiseke, kumi na wanne, wakibadili tiketi zao kwa pipi za wajukuu.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," alijibu Wilhelmina, mwenyekiti wa upatu wao. "Umetumwa na nani?"

"Na huruma, mama. Pipi! Meno yanaoza, friji linawacheka. Changeni tiketi kama mnavyochanga kwenye upatu. Mwenye ukumbi huleta friji jingine kila mwezi. Leo huyu, kesho yule."

"Na wewe unafaidi nini?"

"Mimi? Baraka tu."

Watu wa baraka tu tunawafahamu. Lakini ili wasimshuku, Masele alimwaga tiketi zake zote mia nane kwenye kikapu cha Wilhelmina, mbele ya macho yao. Wakapiga vigelegele. Wakasali. Masele naye alifumba jicho moja.

Mwisho wa mwezi kikapu kilijaa. Masele alifika mapema na guta la mizigo la kukodi, dereva ameshalipwa, kamba mkononi.

"Tuanze na mimi, mama zangu. Wazo si langu?"

Wilhelmina alimtazama juu ya miwani. "Baba, umeingia upatu lini?"

"Mwezi huu."

"Basi utapokea mwisho. Mgeni kwetu hapokei kwanza. Tulimpa mmoja hivyo, tukabaki tunapiga simu iliyozimwa."

"Mwisho ndio lini?"

"Tuko kumi na wanne. Wewe wa kumi na tano. Mwezi mmoja mmoja, hesabu mwenyewe."

Sauti ya Masele ikapoteza asali yote. "Nirudishieni tiketi zangu!"

"Zimeshaingia kwenye mchango," alisema Selina, muuza dagaa, ambaye zamu ya kwanza ilikuwa yake. "Anayejitoa njiani anaziacha. Si ulitufundisha wewe kuchanga?"

Watu ukumbini wakageuka. Mwizi akipiga kelele kwamba ameibiwa, hapati hata shahidi.

Tiketi zikahesabiwa kaunta, friji likatolewa. Dereva wa guta akauliza, "Bosi, tunapeleka wapi?"

"Kiseke," wakajibu wanawake kwa pamoja.

Jozi kumi na nne za macho zilikuwa zikimwangalia Masele. Akaenda nyuma ya guta, akaanza kusukuma.

"Polepole, baba," Selina alimwambia. "Usilikwaruze mlango."