Jogoo wa Vitabu Viwili

Waziri aliinua simu juu ya kichwa kutafuta mtandao, ukamkubali, akatusomea tangazo. Chama cha wafuga kuku kimegawanyika, kwa hiyo kwenye maonyesho ya mwaka huu majaji wa kuku aina ya Orpington watakuwa wawili, kila mmoja na kitabu chake cha vigezo.

Huyo Waziri hajawahi kuajiriwa popote. Uwaziri tulimpa sisi, hapa kwenye benchi la nje ya duka la Kinyozi. Mimi wananiita Mfugaji, na msicheke, nina jogoo mmoja na mitetea wanne.

"Kitabu cha kwanza," Waziri akaendelea, "kinataka kuku wa duara, mfupi, manyoya yamemwagika mpaka miguu haionekani."

"Huyo ndiye wangu," nikasema, nikichezea ndevu zangu, ambazo nazo nimezifuga kwa bidii.

"Cha pili kinataka manyoya yabane mwilini, miguu ionekane."

"Huyo si wako," akasema Fundi Viatu bila kuinua macho kwenye soli. "Wako ni godoro lenye mdomo."

Walicheka mpaka mteja aliyekuwa ndani akachungulia na povu shavuni. Mimi sikucheka. Jogoo wangu analala sebuleni asichafuke, na akishaoga namkausha kwa mashine ya nywele ya mama watoto. Tatizo ni kwamba mayai yote wanayoatamia mitetea wake huishia kuwa viza. Mama watoto alikuwa ameshatoa hukumu: nikirudi tena bila utepe wa ushindi, kaka yake akija mwishoni mwa mwezi ujao, kitoweo kipo sebuleni.

"Sasa nimwokoeje?" nikauliza. Nampenda yule kuku, nisiwe mnafiki.

Kinyozi akatoka mlangoni na mashine mkononi, akauliza majaji wanakaa wapi.

"Mmoja huku, mmoja kule," akajibu Waziri, kana kwamba viti alivipanga yeye.

"Basi kazi ndogo. Upande wa kulia tunauacha. Wa kushoto napunguza."

Hapo mtu mwenye akili timamu angeaga akaenda zake nyumbani. Mimi nilienda nyumbani kweli, nikarudi na jogoo kwapani. Fundi akamshika miguu, Waziri akasimamia kwa kutoa maagizo, Kinyozi akanyoa kuanzia kwenye bawa hadi chini ya mkia, kisha akasafisha na nyuma yote ili pande zikutane vizuri. Ukimtazama kulia, mheshimiwa. Ukimtazama kushoto, mtu aliyetoka kuugua. Tukapeana mikono kwa kujipongeza.

Kwenye maonyesho jogoo hakukubali kusimama. Kila jaji alipoinama, yeye aligeuka akampa upande wa mwenzake. Mmoja akaniuliza kama anaumwa. Wa pili akataka kujua kwa nini nimeweka kuku wawili kwenye tundu moja.

Nilirudi benchini mikono mitupu. Wenzangu walinipa pole ya kweli, ingawa Waziri alishaanza kuulizia kama mgeni anaweza kummaliza kuku mzima peke yake.

Mwezi ule ulipofika mwishoni, mama watoto akaja kijiweni mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Wote tukanyooka kama wanafunzi. Mimi nikajua kisu kimeshafanya kazi, machozi yakanilenga. Akafunua viganja. Ndani mlikuwa na kifaranga.

"Mitetea wote wametotoa," akasema. "Kaka yangu atakula maharage."

Waziri akamsogelea kifaranga na kumkagua kama jaji.

"Kumbe ni yale manyoya ya nyuma," mama watoto akaendelea. "Yalikuwa yanamzuia jogoo kufanya kazi yake." Akanitazama kuanzia kwenye ndevu, akashuka taratibu mpaka tumboni, kisha akamgeukia Kinyozi. "Shemeji, una nafasi leo? Na huyu wangu nyoa. Pande zote mbili."