Ukuta wa Kushoto

Jumatatu, 4 Machi 2024
Mvua tangu alfajiri. Radi imeua ng'ombe wa jirani. Mwenyekiti wa machimbo katangaza: hakuna kushuka shimoni mpaka kukauke. Wenzangu wananuna. Mimi natabasamu. Maduara yote, yaani mashimo yetu ya kuchimbia, hayana mtu! Hata la Sostenes, ambaye kila siku anadai mawe yake ni ya kawaida tu. Mawe ya kawaida hayaezeki bati jipya.

Jumanne, 5 Machi
Maji yamefika mlangoni. Mke wangu Violeth anataka tuhamie shuleni kama wenzetu, kule kwenye mwinuko. Nikamwambia atangulie na watoto, mimi nitalinda nyumba. Akaniuliza mlinzi wa nyumba ananoa tindo ya nini. Nikakohoa. Akajitwika godoro, akaenda.

Jumatano, 6 Machi
Naandika nguo zikiwa bado na tope.
Asubuhi mvua ilipungua. Nikashuka kwenye duara la Sostenes. Kuta zilikuwa zinachuruzika. Niligonga kidogo tu, nikasikia ngurumo. Nikadhani radi. Kumbe korongo limefurika, maji yanaingia shimoni! Kiunoni. Kifuani. Nikamwita Mungu, nikamwita marehemu mama, na, aibu gani hii, nikamwita Sostenes.
Akaja! Violeth alirudi, akakuta nyumba tupu na tindo haipo, akajua niliko, akamkimbilia. Sostenes alisimama ukingoni. Alitupa kamba. "Shika, Baba Mbuke! Usiachie!"
Sikuachia. Nilipofika juu, ukingo aliosimamia ukaporomoka, ukaenda naye.

Ijumaa, 8 Machi
Walimtoa juzi ile ile, yu hai. Mguu umevunjika, mbavu pia. Hapa shuleni tunalala darasani na familia sita, na hakuna anayeitikia salamu yangu. Violeth ananiwekea ugali, kisha anageukia ukutani. Mkewe Sostenes alipita na chupa ya uji wa mgonjwa. Nikajifanya natafuta kiatu.

Jumapili, 10 Machi
Nimekwenda hospitali na machungwa. Nilihofu ataniuliza nilikuwa nafuata nini mle shimoni mwake. Hakuuliza. Kanishika mkono, sauti haitoki vizuri. "Ndugu yangu, usirudi mle. Ule ukuta wa kushoto nimeuchimba sana, umelegea. Utakufa, uache watoto."
Nililia. Kweli kabisa, nililia mpaka muuguzi akaniletea kiti.
Nimetembea kurudi, mvua inanyesha tena, moyo mzito kama kiroba cha mawe. Nikawa nayarudia maneno yake.
Ukuta wa kushoto?
Mimi nilikuwa nachimba wa kulia!