Nilivyofika Lima Bila Kutoka Wembley

Jumatatu, 6 Oktoba

Wewe uliyefungua kurasa hizi, nakusihi, funga na mdomo. Asijue mtu. Asijue Bi Bhavini, mwenye ofisi hii ya usafiri hapa Wembley. Asijue kabisa Hillary, karani mwenzangu, anayetafuna karanga meza ya pili huku akinitazama. Asijue hata mama, maana atawatangazia watu wa kwetu Meru nzima.

Hali ni mbaya. Asubuhi Bi Bhavini alitukalisha chini akasema, kwa Kiswahili chake cha Mombasa, kwamba kazi imepungua na karani atabaki mmoja. Wapo akina mama wa hekalu la Kihindu la Neasden wanaotaka kwenda Lima, kule Peru, baada ya Diwali. Atakayewaleta kwetu ndiye atakayebaki. Kisha akauliza nani amewahi kukanyaga Lima. Hillary akaanza habari za binamu yake. Nikasikia sauti ikisema: mimi. Ilikuwa yangu! Mimi ambaye tangu nitue London, mbali nilikofika ni Luton, tena kwa kupitiliza kituo.

Hillary akauliza niliionaje Lima. Nikamjibu kuna ukungu.

Jumanne, 7 Oktoba

Natakiwa kuandika ukurasa mmoja: siku moja Lima. Nimetazama picha hadi macho yakalegea. Nikayafumba. Na jamani, nikafika!

Asubuhi ya kijivu. Ukungu mwembamba unaolowanisha nywele bila kunyesha. Majumba ya njano kuuzunguka uwanja mkuu, na roshani za mbao zilizochongwa, zimefunikwa pande zote kama za Mji wa Kale Mombasa, utadhani ndani kuna bibi anachungulia. Bustani ya Miraflores, paka wamelala popote wapendapo, hawamwogopi mtu. Niliwaonea wivu. Ukingo wa genge, bahari chini kabisa, watu wanaelea angani kwa miamvuli, taratibu, kama hawana bosi. Jioni, mama mmoja kando ya barabara anakaanga picarones, vitumbua vya pete vya boga na viazi vitamu, anavimwagia shira. Jirani yake anapepea mishikaki, moshi unapanda ukungu unashuka. Nikaandika kwamba mishikaki ile huyeyuka mdomoni kama siri. Sijui nilitoa wapi.

Bi Bhavini alisoma, akavua miwani. Akasema mwanangu, una kipaji. Akaupeleka ukurasa mwenyewe kwa Madhu, kiongozi wa akina mama. Hillary aliacha kutafuna.

Jumatano, 8 Oktoba

Hillary kaja anatabasamu. Dalili mbaya. Akaniuliza, eti profesa, mishikaki ya Lima ni ya nyama gani? Nikasema ya kawaida. Akanigeuzia simu yake.

Moyo wa ng'ombe!

Akina mama ambao ng'ombe kwao ni mtakatifu na hata kitunguu hawagusi, nimewaandikia wakale moyo wa ng'ombe! Nikaenda kukaa chooni. Hillary akapita nje ya mlango akiimba pambio la mazishi.

Mpango: kesho niende kwa Madhu, niseme mashine ya kuchapa imekosea, nirudi na ule ukurasa kabla hajawasomea wenzake.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nilivaa tai. Kosa, ilinikaba. Madhu, wenzake humwita Madhuben, alifungua mlango nikasahau hotuba yote. Akaniamuru nikae, nile. Huko Kisumu alikokulia, akasema, mgeni haulizwi shida yake kabla hajamaliza sahani. Chapati za uwatu, chai ya tangawizi, sofa laini. Kisha akasema ukurasa ameupenda, ila anataka kuisikia Lima kwa mdomo wangu.

Nikamsimulia. Akafumba macho. Nikafumba yangu. Ukungu ukaingia sebuleni, na kwa muda ule naapa sikuwa nadanganya. Paka mmoja alinipanda mapajani. (Alikuwa wa Madhuben.)

Hofu ikanizindua. Nikalipuka: mama, nakuomba, ile mishikaki msiiguse, ni moyo wa ng'ombe!

Akauliza mishikaki ipi.

Hakuwa ameisoma! Wao husafiri na mpishi wao, Ranjan, na sufuria zao, unga wao na achari yao. Habari za chakula cha mtaani huziruka. Nimembebea moyo wa ng'ombe hadi sebuleni kwa miguu yangu mwenyewe!

Akaweka kikombe chini. Akauliza kama mimi niliula. Nikasema sijawahi, na hilo ni kweli tupu. Basi nilijuaje ni moyo? Nikasema nilinusa tu, nikapita.

Madhuben akanitazama sana. Akanishika kichwa kwa mikono miwili kama ananibariki. Kijana peke yake, mji wa mbali, akasema, ananusa na kupita!

Nilirudi na chapati kwenye mfuko. Ukurasa sikurudi nao.

Ijumaa, 10 Oktoba

Madhuben ameingia ofisini na wenzake. Wanasafiri nasi, wote! Nimepona! Kiti ni changu!

Kwa sharti moja. Awaongoze kijana aliyenusa akapita. Kila roshani, kila paka.

Bi Bhavini alinikumbatia. Akatangaza kwamba nikiwa Lima ofisi haiwezi kukaa bila mtu, basi Hillary habanduki. Atakaa kwenye kiti changu. Hillary alipiga makofi kuliko wote. Ameshakirekebisha urefu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimelala vizuri ajabu. Ndotoni nilikuwa nikielea kwa mwamvuli.

Ranjan mpishi amepita kuuliza nani atazungumza na wauza mboga sokoni. Nikamwambia asihofu, Kihispania nakimwaga kama maji. Akafurahi. Akauliza je, Buenos Aires naijua? Nikahema kidogo, nikatazama dirishani, nikasema ah, Buenos Aires.

Ukitaka kunipata, piga simu ofisini mchana, Hillary akiwa ameenda kula. Akipokea yeye, sema unapiga kutoka kwa daktari wangu wa meno. Au njoo ngazi za kituo cha Wembley Park jioni, mimi ndiye mwenye tai ya kijani anayeonekana kama anaagana na watu. Ila njoo tu kama umewahi kufika Lima. Nina swali moja la haraka: mtu akitoka uwanja wa ndege, mji uko kulia au kushoto?