Kila Tawi Kijani

Jumatatu, 3 Februari 2025
Tunis. Mvua. Bosi wetu, Bi Souad, katangaza cheo kipya: mkuu wa majaribio. Sisi tunaandika kiini cha mfumo, programu inayoendesha mashine za tiketi, kila mtu kwenye tawi lake, yaani nakala yake. Matawi tunayaunganisha na shina, ile programu kuu ya wote, bila kuyajaribu, na shina linavunjika ovyo. Atakayeunda mtambo wa kujaribu matawi yote wenyewe, bila mkono wa mtu, cheo ni chake.

Desturi ya ofisi: avunjaye shina huwanunulia wote bambaluni, maandazi ya duara ya hapa Tunis. Nimenunua mpaka mkaangaji akiniona tu anamimina mafuta. Lazima cheo kiwe changu! Mpinzani ni Rafika wa meza ya jirani, anayekula bambaluni zangu bila hata kunitazama. Nimejitolea kabla hajameza.

Jumanne, 4 Februari
Nimepanga bodi za majaribio kwenye rafu, kila moja ni kompyuta ndogo kama iliyomo ndani ya mashine ya tiketi. Bodi inapokea tawi, inajiwasha. Ikiwaka, kijani kwenye skrini. Isipowaka, nyekundu. Zote nyekundu! Matawi hayafiki kwenye bodi. Sijui kwa nini, na muda wa kujua sina.

Baada ya chakula, wazo. Tawi lisipofika, bodi iwake kwa kiini cha zamani kilichomo ndani yake. Swali si ni kama bodi imewaka? Imewaka. Kijani kitupu! Akili ni mali.

Jumatano, 5 Februari
Bi Souad kapita, kaona kijani, kasema hajawahi kupata wiki ya amani namna hii. Matawi yote yakaunganishwa. Rafika kauliza kwa sauti tangu lini mimi naandika kitu kisicho na kosa. Nikamjibu wivu hauna dawa. Kacheka. Sikukipenda kile kicheko.

Alhamisi, 6 Februari
Msiba. Rafika katuma tawi lisilo na hata mstari mmoja wa programu. Kaandika jinsi ya kupika shakshuka! Nyanya, pilipili, mayai. Mtambo wangu ukalipitisha, kijani, pamoja na neno “Hongera” nililoliweka mwenyewe.

Kamwita bosi. “Bi Souad, njoo uone! Bodi za Naoufel zimelishwa shakshuka, na wala hazijaumwa tumbo!”

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Bi Souad hakucheka. Kauliza matawi ya wiki hii yamejaribiwa wapi basi. Nikasema mtambo wangu una uvumilivu. Aibu ilinishika mpaka masikioni.

Ijumaa, 7 Februari
Cheo kapewa Rafika. Kufika tu, kagundua waya wa rafu ulichomekwa kwenye tundu bovu. Basi! Na matawi yaliyopitishwa na mtambo wangu yamevunja shina, lawama zote kwangu. Nimesimama kwenye foleni ya bambaluni nikilowa. Roho inauma, sifichi.

Jumatatu, 10 Februari
Rafika kaenda kwa daktari wa meno. Kaniachia mtambo, kaniambia nisiguse kitu.

Nimetafakari sana, na kosa langu nimelijua: kijani kilizidi. Nani atamwamini mwalimu anayefaulisha darasa zima? Kwa hiyo nimeongeza kura ndani ya mtambo. Mara mojamoja unakataa tawi, lolote lile. Kura ya kwanza imeliangukia tawi la Bi Souad mwenyewe. Safi sana! Mtambo usiomwogopa bosi, nani atautilia shaka?