Ombi la Kumpandisha Cheo Beki wa Kushoto

Kwa Meneja wa Ofisi ya Maji. Na kwa Nahodha wa timu ya mpira wa magongo ya Ofisi ya Maji. Na kwa Mshambuliaji wa Kati wa timu hiyo hiyo.

Mheshimiwa,

Kwa kuwa nafasi zote tatu nilizozitaja hapo juu unazishika wewe, nimeona bahasha moja itatosha. Shikamoo. Natumaini goti linaendelea vizuri na kwamba mto niliokuletea wa kuliegemeza haukuwa mgumu sana.

Mimi ni karani wa masijala, yule kijana unayemwita "wewe mwenye shati". Ni katibu wa timu, na pia ni golikipa. Naandika nikiwa na hofu, na ninaomba hofu hiyo ihesabiwe kama sehemu ya heshima yangu kwako.

Kama inavyojulikana, timu yetu hupangwa kwa utaratibu wa picha ya ukumbusho iliyotundikwa mapokezi: wakubwa mbele, wadogo nyuma. Wewe uko katikati ya mstari wa mbele. Kulia kwako yupo Mhasibu, kushoto yupo Mama wa Utumishi. Wakuu wa vitengo wanajaza katikati ya uwanja, mafundi na madereva wanakaa nyuma, na mwisho kabisa, pale ambapo kwenye picha huonekana nusu ya ua na sikio la mtu, ndipo nilipo mimi, kwa sababu ndimi niliyeajiriwa mwisho. Sina malalamiko juu ya nafasi yangu. Golini kuna milingoti, na mtu akizidiwa anapata pa kujishikiza.

Malalamiko yangu yanamhusu beki wa kushoto, yaani fundi wa mabomba, ambaye ni mume wa dada yangu na ninaishi nyumbani kwake. Nautaja undugu huu mapema ili usiusikie kwanza kutoka Utumishi. Mheshimiwa, shemeji yangu si beki. Ni mshambuliaji tangu utoto wake. Mpira ukigusa gongo lake unatulia kama mtoto aliyebebwa na mama yake, na akianza kukimbia nao hupita katikati ya watu jinsi maji yanavyopita kwenye ufa ambao sisi wengine hatujauona. Lakini cheo chake ni cha chini, na cheo cha chini kwetu ni beki. Sasa amesema kwamba Jumamosi hii, tukirudiana na watu wa Umeme, akipangwa tena nyuma itakuwa mechi yake ya mwisho, na gongo atampa dada aanikie nguo. Dada anasema hana shida ya pa kuanikia. Ana shida ya mume aliyenuna.

Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Kuhusu kuvuka mstari. Tulipocheza na walimu, Fundi alivuka mstari wa katikati akiwa na mpira. Mama wa Utumishi aliacha kucheza, akamfuata mbio akimwambia kwamba ameondoka kituo chake cha kazi bila ruhusa. Fundi alimjibu, "Mama, aliyevuka ni mpira, mimi nimeusindikiza tu." Jumatatu akapewa onyo la maandishi. Onyo hilo nililichapa mimi, na jioni nikakaa naye meza moja. Naomba ofisi inifikirie mimi, nikimwomba anipitishie chumvi mtu niliyemchapia onyo. Aliipitisha. Ila aliipitisha polepole.

2. Kuhusu ngazi. Baada ya onyo hilo, Fundi aliagizwa kwamba mpira wowote atakaoupata aupeleke mbele kupitia ngazi zinazohusika. Kwa hiyo humpa msimamizi wake, msimamizi humpa Mkuu wa Kitengo, na Mkuu wa Kitengo humpa Mhasibu, ambaye kwa mazoea ya kazi yake huusimamisha kwanza na kuukagua pande zote. Timu nyingine zimeshalijua hilo. Watu wa Posta hawakumkaba mtu mwingine yeyote. Walikuja wakamzunguka Mhasibu kama wateja dirishani, wakasubiri. Mpira ukibahatika kukufikia wewe, Mheshimiwa, huwa umechoka sana, na sitathubutu kuongeza neno juu ya hali ya anayeupokea.

3. Kuhusu goli lililokuwa wazi. Hili linaniuma kuliko yote. Katika mechi ya kwanza na watu wa Umeme, mshambuliaji wao mkubwa, yule anayeitwa Transfoma kwa ajili ya umbo lake na mngurumo wake, alikuja golini kwangu mara nyingi. Siwezi kueleza vizuri yaliyotokea kwa sababu nilikuwa nimefumba macho ili kuyalinda. Ninachojua ni kwamba kila nilipoyafumbua, mpira ulikuwa kwenye gongo la Fundi na Transfoma alikuwa anatafuta ulikoenda. Safari ya mwisho Fundi alimnyang'anya, akatazama huku na huku, akamkosa msimamizi wake aliyekuwa ameenda kunywa maji. Basi akaondoka nao mwenyewe. Aliwapita wote. Golikipa wao alitoka, akaanguka upande usio wake. Goli likabaki wazi, na Fundi akiwa ndani ya nusu duara, mahali ambapo hata mimi ningefunga.

Akasimama.

Akageuka nyuma, gongo mkononi, akakutafuta wewe akupe heshima ya kumalizia. Wewe ulikuwa katikati ya uwanja unafunga kamba ya kiatu. Uwanja mzima ulimpigia kelele, "Piga, wewe! Unamngoja nani?" Naye akajibu, nilimsikia kutoka kule kwangu, "Namngoja Bosi!" Filimbi ya mwisho ikalia. Watu walicheka, nami pia nilicheka, mpaka nilipoiona sura yake akitoka uwanjani. Zamani mtu huyu alikuwa haangalii nyuma. Sasa hata akiwa peke yake anasita, kama mtu aliyeingia ofisi ya mkubwa akakuta kiti tu.

4. Kuhusu nyumbani. Mshambuliaji aliyezuiwa kushambulia uwanjani hushambulia kwingine. Fundi hucheza jikoni kwa fagio na viazi. Mlango wa stoo ndio goli. Dada akiinama kuwasha jiko, kiazi kinampita kulia. Akigeuka kulalamika, kingine kinampita kushoto. Juzi aliniambia, "Mdogo wangu, sisi tulikusomesha ili iweje? Mwandikie huyo bosi wako. Mimi siwezi kuendelea kuishi na mtu anayempiga chenga mkewe kila anapobeba sufuria." Nilimwambia kwamba barua ya namna hiyo ina taratibu zake. Akasema, "Na hivi viazi vina taratibu gani?" Nilikitazama kile nilichokuwa nakimenya: kilikuwa na alama ya ukuta.

5. Kuhusu bomba la jikoni kwako. Najua jambo hili lilikukera, na nimekuja kulieleza kwa unyenyekevu. Bomba lilipopasuka nyumbani kwako, Fundi alifika haraka, akafunga kila kinachofungika, ikabaki nati ya mwisho. Hapo akasimama na spana yake kwenye maji yaliyomfika vifundoni, akamwambia Mama wa nyumba kwa adabu kwamba anakungoja wewe uje umalizie. Mama alidhani ni utani. Wewe ukaitwa kutoka kwenye kikao, ukafika ukiwa na tai, ukamkuta bado amesimama, zulia likielea. Mheshimiwa, ile haikuwa dharau. Ule ulikuwa utii, na ameufundishwa uwanjani. Kama mafundi wote wataelewa somo kwa kiwango hicho, nachelea kwamba mji huu utaloa.

Kwa sababu hizo, na kwa kuwa siwezi hata kidogo kupendekeza kwamba wewe uondoke mbele (naomba ieleweke kwamba wazo hilo halijanipitia, na kama limenipitia halikukaa), naleta maombi matatu. Likishindikana moja tuhamie linalofuata.

Ombi la kwanza ni kwamba Fundi apandishwe cheo awe Naibu Meneja. Cheo hicho kianze filimbi ya kwanza inapolia na kiishe filimbi ya mwisho, bila mshahara, bila gari, bila kiti cha kuzunguka. Kwa cheo hicho atakuwa na haki ya kusimama mbele pamoja nawe, na akifika golini atakuwa na mamlaka ya kukaimu. Nafasi yake ya beki wa kushoto itabaki wazi, nasi tutaitangaza na kuijaza kwa utaratibu wa kawaida wa ofisi.

Ombi la pili, endapo Utumishi watakataa la kwanza, ni kwamba itolewe taarifa rasmi kuwa kuanzia Jumamosi mbele ya uwanja ni huku kwetu, na nyuma ni kule kwenye goli la watu wa Umeme. Hivyo wewe, Mhasibu na Mama wa Utumishi mtaendelea kuwa mbele, yaani karibu na mimi, na Fundi atabaki nyuma kabisa kama cheo chake kinavyotaka, peke yake na golikipa wao. Hakuna atakayekuwa amevunja utaratibu. Itabidi tu kuwajulisha waamuzi, na taarifa yao nimeshaiandaa, inasubiri sahihi yako.

Ombi la tatu, endapo yote mawili hayafai, ni kiti. Mkubwa kuzunguka kwenye jua kali akiufuata mpira si jambo linalopendeza, wakati ni mpira ambao ungepaswa kumfuata yeye. Tupeleke uwanjani kile kiti chako cha ofisini chenye mikono, tukiweke katikati ya uwanja, nawe ukae. Goti litapumzika. Mpira ukipita karibu utaupungia, na kila goli atakalofunga Fundi tutalihesabu kuwa limefungwa kwa niaba yako. Nimeuliza wapiga picha: picha nyingi nzuri za timu huwa hivyo, mkubwa ameketi katikati na wengine wamemzunguka. Utaratibu wa picha utakuwa haujaguswa.

Naamini kwamba mtu aliyepewa mguu mwepesi na jicho kali hakupewa ili alinde bendera ya kona. Na naamini, kwa woga wote nilionao, kwamba hata wewe siku ile ulipoinua kichwa kutoka kwenye kamba ya kiatu ulitamani apige.

Nisalimie Mama nyumbani, na umpe pole ya zulia. Nisalimie Mhasibu, na umwambie miwani yake iliyookotwa nusu duara ipo kwangu. Nisalimie Mama wa Utumishi, lakini kama inawezekana umsalimie bila kumwambia salamu zimetoka kwa nani. Mlinzi, madereva na mhudumu wa chai nitawasalimia mwenyewe, kwa kuwa tuko nao nyuma.

Ndimi mtumishi wako mtiifu, ninayeomba radhi kuanzia neno la kwanza hadi hili,

Karani wa masijala
(mwenye shati)

Nyongeza: Kabla ya kuifunga barua hii niliisoma kwa sauti nyumbani, ili nione kama ina makosa. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia chumbani, akalitoa gongo uvunguni, na sasa amekaa mlangoni analifunga utepe mpya kwenye mshikio huku akipiga mluzi. Muda mrefu nyumba hii haijasikia mluzi. Dada amenipakulia mara mbili. Ila wakati ananipakulia mara ya pili aliniuliza, "Sasa mdogo wangu, huyu akienda mbele, yule Transfoma atazuiwa na nani?"

Mheshimiwa, nimeirudia barua yote tangu juu. Swali hilo sikuwa nimelifikiria. Kwa ombi la kwanza, nafasi ya beki itatangazwa kwa utaratibu wetu wa kawaida, na nafasi ya mlinzi wa geti la nyuma ilitangazwa kabla sijaajiriwa, mpaka leo geti linajilinda. Kwa ombi la pili, atakayesimama kati yangu na Transfoma ni Mhasibu, naye atausimamisha mpira aukague. Kwa ombi la tatu, ni wewe, na umeketi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima ile ile, kwamba maombi yangu yote matatu yakataliwe. Fundi abaki beki wa kushoto, mbele yangu kidogo, na kama kuna uwezekano asogezwe nyuma zaidi. Kuichana barua siwezi, kwa sababu mluzi bado unaendelea. Kuandika nyingine siwezi, kwa sababu ameniahidi kuipeleka hii kwa mkono wake asubuhi, na amesimama hapa ananyoosha mkono.

Na ikitokea umeshaidhinisha ombi mojawapo kabla ya kufika huku chini, basi nakusihi unipandishe cheo na mimi siku hiyo hiyo. Si lazima kiwe kikubwa. Cha winga kinanitosha.