Sahani ya Bi Kazija

Jumanne, 4 Mei 1954

Siku ya kwanza ya Ramadhani. Mvua tangu alfajiri. Njaa tangu saa tatu. Lakini mie, Jaku, mwalimu, na mwalimu halegei.

Ndiyo, mwalimu! Skuli niliiacha darasa la tano (watu wanasema iliniacha yenyewe), na sasa nawafundisha Kiswahili Wazungu wawili wazima. Bwana Hobdei na mkewe, Bibi Hobdei. Vichwa vyeupe kama sufi. Kwao wana wajukuu wanane, na badala ya kukaa wakaota moto, wamepanda meli kuja kutumikia misheni hapa Mkunazini. Bwana anatengeneza kinanda cha kanisa kilicholiwa na mchwa. Bibi anafundisha wasichana kushona na kuzungukia wagonjwa. Wanakaa ghorofani, ngazi arubaini na moja. Bwana hupumzika kwenye ya ishirini, akijidai anatazama ukuta.

Miezi minane wako mtaani, na hakuna jirani aliyewahi kuwagongea mlango. Wanaamkiwa njiani, basi. Leo alasiri Bi Kazija, wa nyumba ya mkabala, kanipa sahani ya vibibi, vile vikate vya mchele na nazi, niwapelekee. Sahani yake ya kauri, yenye maua mekundu. Bibi Hobdei kaishika kwa mikono miwili kama kakabidhiwa kichanga. Machozi! Kwa vibibi sita!

Kisha kaiosha, kaipangusa, kataka kuirudisha hapo hapo, tupu. Nikamzuia. Nikamwambia kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiirudisha tupu ni kama umesema tusijuane. Kajishika kifua. Kakata keki yake ya zabibu vipande sita, kanikabidhi mimi.

Adhana ya magharibi ikanikuta kwenye ngazi. Sasa mtu afanyeje? Maalim wa chuo cha Kurani katufundisha tuwahi kufuturu, tusicheleweshe. Sikuchelewesha.

Bi Kazija kapokea sahani. Kaitazama. Kaipindua, kaitazama chini. Kaingia nayo ndani.

Jumatano, 5 Mei

Sahani imekuja tena, tambi. Bi Kazija ana moyo! Keki ikashuka tena, vipande sita. Adhana ikanikuta tena, ngazi ya kumi na nne. Si kosa langu. Natembea taratibu kwa sababu nimebeba chakula cha watu.

Safari hii Bi Kazija kauliza: hao Wazungu wako, sahani za watu huzirudisha hivi hivi? Nikamwambia naam, Bi Kazija, kwao sahani safi ndiyo shukrani. Ikirudi na kitu, maana yake chakula chako hakikutosha. Uongo mzuri sana, nilijipongeza mwenyewe. "Makubwa!" kasema, na mlango kaufunga kwa nguvu kidogo.

Juu nikamwambia Bibi Hobdei kwamba Bi Kazija karamba vidole, ila anaomba zabibu ziongezwe.

Bakar, mpwa wake Bi Kazija, kanisimamisha, kauliza mbona nina makombo kidevuni. Huyo kafika darasa la nane, basi mji mzima lazima ujue. Anaitaka kazi yangu. Nikamwambia kila mtu na kidevu chake.

Alhamisi, 6 Mei

Sahani haikuja.

Bibi kakaa dirishani tangu alasiri, kavaa gauni la Jumapili. Kila akisikia miguu kwenye ngazi, anainuka. Mara kumbe muuza samaki. Mara kumbe mtu kapotea nyumba. Bwana kamwambia chai inapoa. Kaiacha ipoe.

Nikasema labda Bi Kazija anaumwa. Kosa kubwa! Kachukua kikapu chake cha dawa, yuko mlangoni tayari. Ikanibidi niseme kapona.

Ijumaa, 7 Mei

Leo hakuna somo. Mezani kuna barua ya padri mkubwa. Kiingereza changu cha darasa la tano kinatosha kabisa kusikiliza nyuma ya mlango. Padri kauliza, kwa upole, kama kwa umri wao mambo ya huku hayajawa mazito. Iko meli mwezi wa Juni.

Bwana kasema kinanda bado nusu. Bibi kasema kinanda kitamaliziwa na mwengine. Yeye hakuja kote huku kuishi na kuta. Kasema, jirani mmoja tu kajaribu kujuana nasi, na siku ya tatu katuchoka. Kama hata huyo hataki sisi, tunamtumikia nani?

 Bwana kachukua sindano ya mkewe, kaitunga uzi, kamrudishia. Kila siku humtungia. Macho ya Bibi hayalioni tundu, na yeye Bwana hajui kushona hata kifungo. Wakakaa hivyo, mmoja anashona, mwengine kashika uzi wa pili tayari.

Kitu kikanikaba kifuani. Nilidhani ni keki. Halafu nikakumbuka leo sikula keki.

Jumamosi, 8 Mei

Nimepata! Akili hii wangeniachia skuli nzima!

Nimechukua kaimati jikoni kwa mama, kwenye sahani yake ya bati yenye picha ya jogoo. Nikapanda nazo juu: kutoka kwa Bi Kazija, na salamu nyingi. Bibi atafurahi, hawatapanda meli, mie nitabaki mwalimu, na keki itaendelea kushuka. Kila mtu anapata.

Kafurahi kweli. Kafurahi kupita kiasi. Kasema leo sahani atairudisha mwenyewe! Bwana kachukua kofia. Nikawaambia mvua, wakanionesha mwavuli. Nikawaambia ngazi zinateleza; Bwana kanipa mkono wake nimshike. Tukashuka watatu, ngazi arubaini na moja, na mie naomba ziwe mia.

Bi Kazija kafungua mlango. Kaitazama sahani, imejaa keki.

"Hii ya nani? Na leo mbona hairudi tupu?"

"Ya mama yake Jaku!" Bakar huyo, nyuma yake. "Ile ya jogoo!" Darasa la nane hata sahani wanazisoma.

Bibi Hobdei kahesabu kwa vidole, kwa Kiswahili nilichomfundisha mimi (safi kabisa): "Mimi tuma keki. Jumanne, sita. Jumatano, sita."

"Kwangu haikufika hata chembe, dada yangu."

Wote wakanigeukia. Siku zote adhana hunikuta njiani, leo nnaingoja, haiji! Nikasema yote.

"Hayawani mkubwa wee!" Bi Kazija kanijia juu. "Siku tatu namsema mwenzangu moyoni, na huku nimefunga! Saumu yangu umeila pamoja na keki!" Kamshika Bibi mikono yote miwili, kamwomba radhi. Bibi hakufahamu maneno yote. Kanigeukia mimi nimfasirie. Nikafasiri aibu yangu mwenyewe, neno kwa neno, na Bakar ananisahihisha Kiingereza.

Bibi kavua viatu, kaingizwa ndani kwa wanawake. Bwana kawekwa barazani na wanaume, na adhana ilipotoka kapewa tende na kahawa. Walikaa mpaka isha. Mie nilisimama nje nimeshika mwavuli.

Jumanne, 11 Mei

Bwana kamjibu padri: Juni hawaendi popote. Bibi kila jioni yuko mkekani kwa Bi Kazija, wanaoneshana mishono. Jana nilipomkaribisha chakula kanijibu, "Nshakula." Hilo sikumfundisha mimi!

Kazi sikufukuzwa. Bi Kazija kanihukumu kubeba sahani mpaka Idi, zimefunikwa kawa, na kawa limefungwa uzi, mafundo saba. Bakar nyuma yangu, mlinzi.

Leo Bibi kaniita kabla sijashuka. Kanipa karatasi iliyokunjwa, ndani vipande viwili vya keki, na juu kaandika kwa mkono wake: Jaku, Bakar. Kasema hapendi adhana imkute mtu njiani na njaa. Macho yakaniwasha. Nikaapa palepale, moyoni, kiapo kizito: keki ya mtu siigusi tena.

Adhana ikatukuta ngazi ya kumi na nne. Tukala vipande vyetu. Zabibu tele. Tukatazamana. Bakar kasema mafundo saba hayafunguki bila kujulikana.

Nikamuonesha.

Tumewabakishia kina Bi Kazija vinne kati ya sita. Kesho nitamshauri Bibi awe anakata vidogo vidogo. Vikiwa vingi, hakuna atakayehesabu.